Barua ya wazi kwa wasimamizi wa makumbusho ya miji midogo: tuonyesheni nyumba yenyewe

Waheshimiwa wasimamizi, wajumbe wa bodi, wahifadhi, na ninyi nyote mlioshika funguo za nyumba za kale zilizogeuzwa makumbusho,

Nawaandikia kama mgeni wenu. Sina cheo katika fani yenu wala sitafuti kazi kwenu. Ni mtu ninayependa kuingia katika nyumba hizi, na kila nifikapo katika mji mdogo nisioujua, huuliza kwanza kama ipo nyumba ya namna hiyo na inafunguliwa saa ngapi. Humo nimeona mengi mazuri na ninawashukuru kwa kuyatunza. Lakini lipo jambo moja limenikaa rohoni, na naona ni heri nilitamke hadharani: katika makumbusho mengi ya aina yenu, kitu kikubwa kuliko vyote mlivyonavyo hakionyeshwi. Kitu hicho ni nyumba yenyewe.

Fikirini anachokutana nacho mgeni. Anakata tiketi mlangoni, anaingia chumba cha kwanza ambacho zamani kilikuwa sebule. Kuta zimepakwa rangi nyeupe na zimetundikwa picha za wachoraji wa mji: mto wakati wa mafuriko, nyuso za wazee, soko, daraja lililokwisha kubomolewa. Chumba cha pili kina makabati ya vioo yenye sarafu, vyombo vya udongo, barua, zana za seremala, sare ya askari. Kila kitu kina kikaratasi chake cha maelezo. Lakini chumba chenyewe, hapo mgeni aliposimama, hakina hata mstari mmoja. Hakuna anayemwambia kwamba dirisha lile lilizibwa baadaye, wala kwa nini mlango wa nyuma ni mfupi kuliko mingine. Anaona sakafu imelika mahali pamoja tu, karibu na ukuta, anajiuliza ni nini kilichokuwa kikifanyika hapo miaka nenda miaka rudi. Anaona kulabu kwenye boriti. Anaona ngazi nyembamba imefungwa kwa kamba. Akiuliza, anajibiwa kwamba hayo yalikuwapo tangu zamani, kisha anaelekezwa tena kwenye makabati.

Naelewa ilivyotokea. Miji midogo mingi haikujenga makumbusho, ilirithi nyumba. Familia ilihama au ilikwisha, warithi wakaitoa, au halmashauri ikainunua ili isibomolewe. Na wakati huohuo kulikuwa na vitu vya mji visivyo na pa kuwekwa. Vikaingizwa humo. Tangu siku hiyo nyumba ikawa kabati kubwa la kuhifadhia makabati madogo, na macho ya kila mtu yakahamia kwenye vitu. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ila mgeni hutoka akiwa ameona sarafu ambazo angeweza kuziona kwingine, na hajaiona nyumba ambayo haipo kwingine kokote duniani.

Pengine mtasema kwamba habari za nyumba hazipo, kwamba waliokaa humo hawakuacha kumbukumbu. Nawaomba mtazame mfano wa Amsterdam. Mchoraji Rembrandt alinunua nyumba kubwa huko mwaka 1639, akaishi na kufanya kazi humo kwa miaka mingi, lakini mwaka 1656 alifilisika. Ili wadai walipwe, iliandikwa orodha ya mali yake yote, chumba baada ya chumba: picha, sanamu, silaha, makombe ya baharini, samani, vyombo. Ilikuwa karatasi ya mtu aliyeanguka, haikuandikwa kwa ajili ya sifa yake. Nyumba ile ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1911, na mwishoni mwa karne ya 20 wahifadhi waliitegemea orodha ileile kuvirudisha vyumba katika hali inayokaribia ile aliyoijua mwenyewe. Leo mtu akisimama katika chumba alimochorea, anajua kwa nini chumba hicho na si kingine: mwanga.

Orodha kama hiyo huenda imelala katika masjala ya mahakama ya mji wenu, ikiwa imeandikwa kwa sababu ya deni, mirathi au ugomvi wa ndugu. Hata isipokuwapo, kuna daftari za kodi ya majengo, kuna vibali vya ujenzi, kuna risiti za mafundi, kuna matangazo ya minada katika magazeti ya zamani, kuna picha za harusi ambazo nyuma ya bibi harusi zinaonyesha ukuta ulivyokuwa. Karatasi za aina hii hazivutii watu, hivyo hakuna anayezifungua. Mtu mmoja mvumilivu akikaa nazo kwa msimu mmoja, atarudi na habari nyingi kuliko mtakavyoweza kuzitundika ukutani.

Na hata karatasi zote zikiungua, nyumba inajisemea. Msumari uliofuliwa na mhunzi una pande nne na hauko sawa na mwenzake. Msumari uliokatwa kwa mashine ulianza kuenea mwanzoni mwa karne ya 19. Ule wa waya, wa mviringo, tulio nao hadi leo, ukashika nafasi yake kuelekea mwisho wa karne hiyo. Ubao uliopasuliwa kwa msumeno wa mkono una mikwaruzo iliyonyooka isiyolingana, na uliopasuliwa kwa msumeno wa duara una alama zilizopinda. Pete za boriti zinaweza kumwambia mtaalamu mti ulikatwa mwaka gani, pale ambapo kuna kumbukumbu za pete za eneo hilo za kulinganisha nazo. Rangi za ukutani zimelala tabaka juu ya tabaka. Mhifadhi akikwangua kwa uangalifu kipande kidogo tu, kila tabaka linajitokeza kwa zamu yake, na unaona kumbe chumba hiki cheupe kiliwahi kuwa cha buluu, kabla yake cha manjano. Nimeona nyumba ambamo kipande kama hicho kimeachwa wazi kona moja, kikafunikwa kwa kioo na kuandikiwa maelezo. Watoto walikuwa wamejazana hapo, huku picha kubwa ya mwenye nyumba ikiwa haina mtu mbele yake.

Msidhani naomba kila nyumba ijazwe samani upya. Wala si lazima. Katika nyumba ya Amsterdam alimojificha Anne Frank, msichana wa Kiyahudi aliyewakwepa Wanazi, pamoja na wenzake, samani ziliondolewa baada ya wao kukamatwa, na baba yake, ambaye peke yake kati ya wale wanane alirudi hai, alitaka vyumba vibaki vitupu. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1960, na vyumba vingali vitupu. Ukutani bado kuna mistari ya penseli ambayo wazazi waliichora kupima urefu wa mabinti zao walivyokuwa wakikua mafichoni. Hakuna kabati la vioo linaloweza kufikia nguvu ya mistari ile. Walioitunza walielewa kwamba ukuta ndio hati.

Hapa nafika kwenye jambo linaloniuma zaidi, na mtaniwia radhi nikilikalia.

Karibu kila nyumba niliyoitembelea ina jina la mtu mmoja mlangoni. Mfanyabiashara, daktari, mkuu fulani, mwenye shamba, mchoraji. Picha yake iko mahali pa heshima, na miwani yake, na kiti chake, na fimbo yake ya kutembelea. Mkewe ametajwa kwa jina la mumewe. Baada ya hapo, kimya. Lakini nyumba kubwa yenye vyumba vingi haikujiendesha. Kuna aliyeamka kabla ya wote kuwasha moto. Kuna aliyeteka maji na kuyapandisha kwa ile ngazi nyembamba mliyoifunga kwa kamba. Kuna aliyelea watoto wa nyumba hii huku wa kwake wakilelewa na mwingine. Kuna aliyelala chini, nje ya mlango wa bwana wake, ili asikie akiitwa usiku. Kuna waashi na maseremala walioisimamisha, na mara nyingine hao nao hawakulipwa chochote, kwa sababu walikuwa watumwa. Sakafu iliyolika mahali pamoja ni kazi ya miguu yao. Mlango mfupi ulikuwa wao. Mnapoificha nyumba mnawaficha wao, kwa kuwa mwenye nyumba ana picha yake ya rangi ya mafuta ya kumkumbusha, lakini wao wana kuta hizi tu.

Haya yanawezekana kurekebishwa, na yamerekebishwa kwingine, tena katika nyumba ambazo jina la mwenyewe ni kubwa mno. Monticello, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, ni nyumba ya Thomas Jefferson, rais wa 3 wa nchi hiyo. Taasisi binafsi iliinunua mwaka 1923 ili iwe mahali pa kumkumbuka. Kwa miaka mingi mgeni alielezwa zaidi habari za vitabu vyake, vifaa alivyovibuni na usanifu wake. Lakini mtu huyohuyo aliyeandika kwamba watu wote wameumbwa sawa aliwamiliki watu zaidi ya 600 katika maisha yake. Watafiti wakachimba ardhi pale vilipokuwa vibanda na karakana za watumwa, na mwaka 1993 wakaanza kuwatafuta wajukuu na vitukuu vyao ili wasimulie yale yaliyopokezwa katika familia. Mwaka 2018 kikafunguliwa chumba kinachosimulia maisha ya Sally Hemings, mwanamke mtumwa aliyemzalia Jefferson watoto. Chumba hicho kiko katika upande wa nyumba ambao kwa muda mrefu ulikuwa ukitumiwa kwa mambo mengine. Hakikuhitaji kujengwa, kilikuwapo siku zote.

Huko New York kuna jengo la vyumba vya kupanga, namba 97 mtaa wa Orchard, lililojengwa mwaka 1863. Waliokaa humo walikuwa maskini waliotoka nchi mbalimbali, na ghorofa zake za juu zilifungwa mwaka 1935. Hakuna mkuu yeyote aliyezaliwa humo. Mwaka 1988 yakaanzishwa makumbusho ambayo kitu chake kikuu ni vyumba hivyo: jiko dogo lililokuwa pia karakana ya kushonea, karatasi za ukutani zilizobandikwa juu ya nyingine, chumba cha ndani kisichopata hewa. Maisha ya familia zilizopanga humo yalifuatiliwa katika sensa, hati za mahakama na kumbukumbu za ndugu waliobaki. Watu hupanga foleni kuyaona. Nayasema haya kwa wale wajumbe wa bodi wanaoamini kwamba mgeni huja kwa ajili ya watu mashuhuri tu.

Nanyi mna faida ambayo nyumba hizo kubwa hazina: mji wenu ni mdogo. Mjukuu wa yule mpishi huenda anaishi mtaa wa pili na hupita mbele ya lango lenu kila siku bila kuingia, kwa kuwa hajawahi kuambiwa kwamba humu ndani kuna habari yake. Mfuateni. Nendeni na kinasa sauti, muombeni ruhusa, msikilizeni bila haraka, na mkirudi mwandike jina la babu yake kwa ukubwa uleule mnaouandikia jina la mwenye nyumba. Pale ambapo jina halijulikani, andikeni kwamba halijulikani. Katika makumbusho ya Isabella Stewart Gardner kule Boston, nyumba ya sanaa iliyofunguliwa mwaka 1903, wezi waliiba kazi 13 usiku wa kuamkia tarehe 18 Machi 1990, na hadi leo fremu tupu zingali zinaning'inia pale picha zilipokuwa. Mgeni anasimama mbele ya fremu isiyo na kitu na anaelewa ukubwa wa hasara. Nanyi mnaweza kuacha nafasi ya namna hiyo ukutani, iliyoandikwa kazi ya mtu na miaka aliyoifanya, bila jina.

Kuhusu sanaa yenyewe, kwa sababu najua nyumba nyingi kati ya hizi ni makumbusho ya historia na ya sanaa kwa pamoja: naona nyumba ni mahali pazuri pa kutazamia picha kuliko ukumbi mkubwa, mradi isilazimishwe kuiga ukumbi. Anayepaka ukuta rangi nyeupe anadhani anaisaidia picha, kumbe anaifukuza kutoka chumbani. Huko Cambridge, Uingereza, kuna nyumba iitwayo Kettle's Yard. Jim Ede, aliyewahi kuwa mhifadhi katika jumba la sanaa la Tate, aliunganisha vijumba vinne vya kale akaishi humo na mkewe kuanzia miaka ya 1950, na alasiri alikuwa akiwafungulia wanafunzi mlango waje watazame. Mwaka 1966 aliikabidhi kwa chuo kikuu. Baadhi ya picha zimetundikwa chini, usawa wa macho ya mtu aliyeketi. Mawe madogo yamepangwa mezani kwa mzunguko unaojikunja kuelekea katikati. Limau moja limewekwa kwenye sahani ya madini ili rangi yake iitikie doa la manjano kwenye mchoro wa Miró, mchoraji wa Hispania, uliopo hapohapo. Pembeni ya kazi hakuna vibandiko vya maelezo. Wapo watu wa kujibu, na viti ambavyo mgeni anaruhusiwa kuvikalia. Wanafunzi waliweza hata kuazima picha wakazitundike vyumbani mwao. Sisemi muige hayo yote. Nasema mchoraji wa mji wenu aliyechora akiwa ameketi katika vyumba kama hivi, kwa mwanga wa madirisha kama haya, ataeleweka zaidi kazi yake ikiachwa ikae chumbani, kuliko ikitundikwa kwenye ubao mweupe uliofunika dirisha.

Neno kuhusu watu wenu wa mlangoni. Katika nyumba ndogo, anayekata tiketi ndiye mwongozaji, ndiye mlinzi, na mara nyingi ndiye anayefagia. Yeye ndiye makumbusho kwa mgeni. Nimekutana na wengi wenye moyo mkubwa ambao hawakufundishwa chochote kuhusu jengo wanalolilinda, nao huona haya wakiulizwa. Si kosa lao. Wapeni kurasa chache za habari za nyumba, chumba kwa chumba, wapeni muda wa kukaa na mhifadhi, na wapeni ruhusa ya kusema "hilo bado hatujalijua, tunalitafuta." Mwongozaji anayesema hivyo humwaminisha mgeni kuliko anayetunga hadithi ya handaki la siri. Na walipeni ujira wa heshima, maana habari za nyumba hukaa vichwani mwao, na wakiondoka wanaondoka nazo.

Elezeni pia giza. Wageni wengi huingia katika chumba chenye pazia zilizofungwa na taa hafifu, wakadhani mmewabania umeme. Ukweli ni kwamba mwanga huharibu kidogokidogo na uharibifu wake hujumlishwa. Kitambaa au karatasi iliyopauka hairudi ilivyokuwa hata ikipumzishwa gizani miaka 100. Ndiyo maana wahifadhi hupendekeza laksi (kipimo cha mwanga unaoangukia kitu) 50 hivi kwa karatasi, rangi za maji na nguo, na laksi 200 hivi kwa picha za rangi ya mafuta, ilhali jua la mchana nje linaweza kufika laksi 100,000. Andikeni hayo kwa sentensi mbili karibu na mlango. Mgeni akijua kwamba pazia imefungwa ili mjukuu wake naye aione barua hii, atasubiri macho yake yazoee na hatanung'unika. Hata hilo ni sehemu ya maisha ya nyumba: madirisha yaliyotengenezwa kuleta mwanga sasa yanapaswa kuuzuia, na tatizo hilo mnakutana nalo kila siku bila kutuambia.

Na tuzungumzie hatari iliyo kubwa zaidi. Usiku wa tarehe 2 Septemba 2018 moto uliteketeza Makumbusho ya Taifa ya Brazil mjini Rio de Janeiro. Yalikuwa ndani ya kasri la zamani la familia ya kifalme, na mkusanyiko wake ulikadiriwa kuwa na vitu milioni 20. Uchunguzi wa polisi ulionyesha kwamba moto ulianzia kwenye kiyoyozi. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib mjini Zanzibar, jumba lililojengwa mwaka 1883 enzi za Sultani Barghash na baadaye kuwa makumbusho, iliporomoka ilipokuwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Hayo yalikuwa majengo yaliyojulikana dunia nzima. Nyumba yenu haina wa kuililia nje ya mji. Nyaya za umeme zilizoongezwa ovyo miaka ya nyuma, bomba la paa lililoziba, mchwa katika miguu ya boriti, maji yanayopanda ukutani kwa sababu chokaa ya asili ilifunikwa kwa saruji isiyopumua: haya ndiyo maadui zenu, nayo hayaonekani kwa anayetazama makabati tu. Kila mwaka nasikia makumbusho yamenunua kabati jipya la kioo, na sijasikia hata mara moja yakitangaza kwa fahari kwamba yamezibua bomba la paa. Tangazeni. Tuko wengi tutakaochangia bomba la paa tukiambiwa linalinda nini.

Ngazi nazo. Wapo wageni wasioweza kuzipanda, na si kila nyumba ya kale inaweza kutobolewa iwekwe lifti. Wekeni chini picha kubwa za vyumba vya juu, filamu fupi, kiti cha kukalia, na msimwache mtu akisubiri mlangoni wenzake warudi kumsimulia. Baraza la Kimataifa la Makumbusho, lilipokubaliana huko Prague mwezi Agosti 2022 juu ya maana mpya ya makumbusho, lilisisitiza kwamba yawe wazi kwa umma, yafikike na yamjumuishe kila mtu. Nyumba ndogo haijasamehewa hilo.

Sasa ombi langu mahususi, nalo halina gharama kubwa. Kila makumbusho yana daftari la kupokelea vitu, ambamo kila kitu hupewa namba, kwa kawaida mwaka kilipopokelewa, kisha fungu, kisha kitu chenyewe. Humo huandikwa kilitoka kwa nani, kimetengenezwa kwa kitu gani, kina dosari gani. Chukueni daftari hilo muiandikishe nyumba. Ipeni namba. Andikeni aliyeijenga, na kama hamjui andikeni "mafundi wasiojulikana bado." Andikeni kila chumba, kila mlango uliozibwa, kila boriti iliyobadilishwa, kila aliyelala humo mnayemjua, wa mbele na wa uani. Ukurasa huo ukishakuwapo, bodi italazimika kuuliza hali ya nyumba kama inavyouliza hali ya mchoro wa thamani, na atakayekuja baada yenu atakuta mahali pa kuanzia. Kisha nakilini ukurasa huo kwa herufi kubwa, muubandike katika chumba cha kwanza, na chini yake muweke meza yenye karatasi na penseli kwa yeyote mwenye la kuongeza au kusahihisha. Penseli, tafadhali, si kalamu ya wino, kwa ajili ya usalama wa vitu vyenu.

Kama hamna mtu wa kukaa masjala na kunakili hati, acheni tangazo mlangoni. Mimi nitajitolea, na naamini wapo wengine wanaosoma barua hii watakaofanya hivyo katika miji waliyomo. Tupeni tu chumba chenye meza, mtuambie mnafungua siku zipi.

Wenu,
Mgeni anayezipenda nyumba hizi